Safari ya Kwenda Usipofika: Mombasa Niliyoiona Kutoka Baharini

(Hotuba ya muuguzi mstaafu katika hafla yetu ya mwaka ya mchango, Mombasa)



Katibu aliponipigia simu alisema, "Sista, tunakutaka utuzungumzie afya." Nikamjibu sawa. Lakini nimekaa na jambo hilo siku nyingi, na kila nikianza kuandika juu ya presha na sukari kalamu inanipeleka kwingine. Basi mtaniwia radhi. Nitawasimulia matembezi ya boti niliyoyafanya hapa hapa Mombasa, na afya tutaikuta humo humo ndani.

Mpwa wangu wa kike anafanya kazi ya mapokezi hotelini. Siku moja wageni wawili walioandikiwa nafasi katika jahazi la watalii waliumwa na matumbo, na nafasi zilikuwa zimeshalipiwa. Akanipigia: "Shangazi, vaa uje, leo tunatembea baharini." Nikamwuliza boti inakwenda wapi. Akasema, "Haiendi pahali. Inazunguka, inarudi ilikotoka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nyinyi watu wa Faza mnanielewa. Sisi kwetu bahari ni barabara. Unapanda chombo kwa sababu una mgonjwa, una harusi Lamu, una kesi, una magunia ya kupeleka. Hujapata kusikia mtu wa kwetu analipa nauli apelekwe asipofika. Nimekaa Kisauni tangu nistaafu, kila siku ya Mungu napita daraja la Nyali ndani ya matatu nimebanwa kama dagaa, na sikuwahi hata mara moja kuingia katika maji yale niyaonayo dirishani. Nikavaa buibui langu, nikaenda.

Tulipandia upande wa Nyali, saa kumi na nusu za jioni, jua limeanza kuteremka nyuma ya kisiwa. Jahazi zuri, limepakwa mafuta, mito na mazulia, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe. Nikatafuta pahali pa kukaa karibu na shetri, maana mazoea ni mazoea. Hapo nikasikia sauti nyuma yangu: "Shikamoo, Sista." Nageuka, ni nahodha. Kijana wetu. Nilimchanja sindano zake zote pale kliniki ya Faza, na mamake nilimzalisha wadogo zake wawili. Ameniomba nisimtaje jina, na ninaiweka ahadi, ingawa naona baadhi yenu mmeshaanza kukisia.

Sasa nisikilizeni hapa. Kabla kamba haijafunguliwa, kijana huyu alisimama mbele ya abiria, akazungumza Kiingereza, akageuka akazungumza Kijerumani kidogo. Mabaharia wake wakapita wakigawa jaketi za kuokolea maisha. Kubwa kwa watu wazima, ndogo kwa watoto, na ndogo zaidi yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, ili mtoto akianguka majini isimchomoke kwa juu. Akaonyesha namna ya kufunga. Akaonyesha kipenga kilichofungwa begani, akakipuliza. Kulikuwa na mzee mmoja Mzungu, mrefu, kifua wazi, akasema yeye ni mwogeleaji tangu utotoni, haihitaji. Nahodha wetu akamwambia kwa adabu kabisa, huku anatabasamu, kwamba basi jahazi halitaondoka. Tukakaa. Dakika moja, mbili, tatu. Watu wakaanza kumtazama yule mzee. Akaivaa.

Mimi na buibui langu nilivalishwa yangu na baharia wa kwetu vile vile, akisema, "Sista, pumua, isikubane." Ndipo tukaondoka.

Nitawaeleza tulichokiona, maana ni haki yenu, na wengi wenu mnaishi hapa kama nilivyokuwa nikiishi mimi, macho yako barabarani tu.

Mji wa Kale ukiuona kutoka majini ni mji mwingine. Ukiwa ndani yake kwa miguu unaona vichochoro, mikokoteni na nyaya za umeme. Kutoka majini unaona kwamba nyumba zile zilijengwa zikitazama bahari, roshani zao zimeelekea chombo kinachoingia, na mnara wa msikiti wa Mandhry umesimama ambapo nahodha anauona mapema. Bandari ya zamani bado ipo, vyombo kadhaa vilikuwa vimefunga, na mabaharia wamekaa juu ya mizigo wanakunywa chai. Nguo zimeanikwa. Mtoto mmoja alitupungia mkono, na mimi, mtu mzima, nikampungia kwa nguvu kuliko watalii.

Upande wa pili, tulikotoka, ni Kisauni na Freretown, mji uliofunguliwa mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mtu unapita Kengeleni kila siku na hukumbuki kengele yenyewe ilikuwa ya nini. Ilipigwa kuwaonya watu wale kwamba majahazi ya watumwa yameonekana.

Kisha tukafika mbele ya Ngome. Jua lilikuwa nyuma yake, ukuta wote wa kuelekea bahari uko kivulini, mweusi, mkubwa kuliko ninavyoujua. Kijana anayetoa maelezo akasema yale yanayosemwa siku zote: Wareno, mwaka 1593, mchoraji ramani Mtaliana, urithi wa dunia tangu 2011. Watalii wakapiga picha. Mimi nikamtazama nahodha, naye akanitazama, nikajua anawaza ninachowaza, kwa sababu alifundishwa na mwalimu yule yule aliyetufundisha sisi.

Ngome ile inatuhusu. Mwaka 1587 Wareno walikuja Faza na manowari kwa sababu mji ulimpokea Mturuki, Mir Ali Bey, wakaua watu, wakamwua na mfalme, wakakata hata minazi. Miaka miwili baadaye Mir Ali Bey huyo huyo alikuwa hapa Mombasa na hapa ndipo walipomkamata. Baada ya misukosuko hiyo ndipo Wareno walipoamua kujenga ngome ya mawe ya kukaa daima. Na miaka mia moja baadaye, Waomani walipoizingira Ngome tangu 1696, Wareno wa ndani wakamalizwa na maradhi na njaa mpaka ikafika siku hakuna kiongozi wao aliyebaki hai, aliyeishika ngome ile alikuwa mtu wa Faza, Bwana Daud, pamoja na wanaume wachache na wanawake waliokuwa ndani, mpaka msaada ulipokuja kwa bahari. Najua wengine mtaniuliza kwa nini mtu wetu alikuwa upande ule. Tulikuwa na ugomvi wetu na Pate, na ugomvi wa majirani humpeleka mtu pahali pa ajabu. Sitetei. Nasema tu kwamba alikuwepo, na maelezo yale ya jahazini hayakumtaja. Wala hayakusema kwamba katika zile taifa tisa za Mombasa, Wafaza ni taifa moja, pamoja na Wapate na Washaka. Ndugu zangu, hatukuja mji huu juzi kwa basi.

Kitu kimoja kilinigusa. Pale mbele ya Ngome, chini ya maji tuliyokuwa tukipita juu yake, ilizama manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, mwaka 1697, wakati wa kuzingirwa kule. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vyombo vyake mtaviona ndani ya makumbusho. Kijana aliposema hivyo Wazungu wote waliinama kutazama maji, kana kwamba wataiona. Nami nikainama.

Tukatoka mpaka karibu na mnara wa taa wa Ras Serani, mawimbi ya bahari kuu yakaanza kutunyanyua. Mibuyu ya Mama Ngina juu ya mwamba, watu wamekaa wanakula mihogo na achari. Kwa mbali meli za makasha zinangoja zamu ya kuingia Kilindini. Pale ndipo mlango wa maji ya upande wa pili, na ndani ya maji hayo, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi watu wakienda kazini, wakafa watu 272. Maelezo ya jahazini hayakufika huko, na siwalaumu, watu wamelipa kuja kustarehe. Lakini wapo wenzetu katika ukumbi huu wanaoikumbuka wiki ile. Nilikaa kimya, nikasoma Fatiha, na jahazi likageuza.

Wakati wa kurudi tulipita chini ya daraja la Nyali. Wenye umri wangu mnalikumbuka lile daraja la kwanza lililokuwa likielea juu ya maji, lililoondolewa baada ya hili kufunguliwa mwaka 1980. Juu yetu matatu zinapiga honi, foleni imesimama, na sisi chini tunapita taratibu na muziki. Mbele yetu ni Tudor na mikoko yake, maji yametulia kama mafuta. Hamwezi kuzunguka kisiwa chote kwa jahazi kama lile, mlingoti haupiti Makupa, na kwa miaka mingi tuta la Makupa lilikuwa limeyaziba hata maji yenyewe mpaka lilipojengwa daraja jipya. Kwa hiyo mnaingia Tudor, mnakula, mnarudi. Kamba walikuwa wazuri. Wali wa nazi ulikosa chumvi.

Watu walipokuwa wakila nikasogea kwa nahodha kwenye usukani. Nikamsifu, na nilimsifu kwa dhati. Kisha nikamwuliza: "Mwanangu, na ukienda nyumbani Idd, pale Mkanda, unavaa jaketi?"

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Sista, mara ya mwisho nilimpakia mke wangu na mwanangu wa miezi saba. Nilihesabu. Watu thelathini na mmoja, na magunia ya saruji. Jaketi nne, zimefungwa kamba chini ya magunia." Nikamwuliza kwa nini hakusema neno, yeye mwenye cheti. Akasema, "Ningemwambia nini nahodha yule? Ni mjomba wangu."

Kijana anayemfungia jaketi mtoto wa Kijerumani kila jioni ya wiki, akimpakia mwanawe chomboni hana cha kumfunga. Kamba wale wazuri hawakunishuka tena.

Sasa nije kwa lile Katibu alilonitaka.

Nimefanya kazi ya uuguzi visiwani miaka mingi, kabla hatujapata vifaa tulivyo navyo sasa. Mama akishindwa kujifungua, dawa ilikuwa ni Lamu, na njia ya Lamu mnaijua. Usiku mmoja wa kusi tuliondoka na mama mmoja, mumewe, mamake, mimi, nahodha na kijana mmoja wa kufua maji. Tulichelewa kutoka, maji yalikuwa yanapwa. Ndani ya Mkanda, gizani, chombo kikapanda kigingi, ubao ukafunguka. Kijana akafua maji, nami nikafua kwa beseni langu la kazi, na maji yanaingia tu. Chombo kikakaa chini. Kilichotuokoa ni kwamba maji yalikuwa yamepwa: tulisimama, maji yamenifika hapa, kifuani, miguu imezama matopeni, tukamshika yule mama juu kwa mikono, kwa zamu, mpaka kilipopita chombo cha wavuvi alfajiri. Mama aliishi. Mtoto hakuishi.

Sisemi jaketi ingemwokoa mtoto yule. Mimi ni muuguzi, siwezi kuwadanganya ili mfungue pochi. Alikuwa amechoka kabla hatujaondoka gatini. Nasema hivi: kama tungevunjikiwa saa mbili kabla, maji yamejaa, au kule nje kwenye ghuba ya Manda, msingekuwa na mtu wa kuwahutubia leo. Katika watu sita aliyejua kuogelea ni mmoja. Mimi ni Mbajuni, nimezaliwa hatua hamsini kutoka majini, na sijui kuogelea mpaka leo. Wanyoosheni mikono kina mama wanaojua. Mnaona? Naona mikono mitatu.

Kamati imependekeza kwamba fedha za mwaka huu zinunue jaketi, na najua kuna manung'uniko. Wapo wanaosema karo za watoto kwanza. Wapo wanaotaka boti ya wagonjwa, na mimi mwenyewe naitaka kuliko nyote, lakini kwa kiasi tunachokusanya tutaingoja miaka, na wakati tunangoja watu wanasafiri kila siku.

Na wapo wanaosema jaketi tulishapewa. Kweli, tulipewa. Niliziona zilipofika na niliziona zilipoishia. Nyingine ziligeuka mito ya kulalia. Nyingine zilikwenda na wavuvi, na huyo sina ugomvi naye, naye pia ana roho. Zilizobaki zilifungwa chini ya mizigo ili askari wakikagua waonyeshwe zipo. Zote zilikuwa za watu wazima, mtoto ukimvalisha inampita kichwani. Na hakuna aliyekuja kufundisha. Tulitupiwa mzigo, tukapiga picha, wakaondoka.

Kijana wetu alinipigia simu wiki ile ile baada ya matembezi. Amezungumza na wenzake wanne wa kwetu wanaoendesha vyombo vya watalii hapa na Watamu. Watakwenda nyumbani siku za likizo, kwa nauli yao, wakae gatini Faza na Mtangawanda wawaonyeshe mabaharia na abiria namna ya kuzivaa na kuzitunza: kuoshwa kwa maji matamu, kuanikwa kivulini, kutokukaliwa. Jaketi zitaning'inizwa pale abiria anapopandia, wazi, wala hazitawekwa ndani. Theluthi yake iwe za watoto, na zile ndogo zenye mkanda wa miguuni ziwemo. Kuna mwenye hoteli alikuwa tayari kutupa zake kuukuu bure, na kijana akazikataa. Mwanzoni nilimkasirikia. Akaichukua moja akaitia majini mbele yangu, amefungia jiwe la kupimia. Ikazama. Sponji yake ilikuwa imeshalewa maji. Kwa hiyo tutanunua mpya au tusinunue.

Na lile la mwisho, ambalo mtu hulisema kwa sauti ya chini: kwamba siku ikifika imefika, jaketi haiongezi umri. Maustadh wapo hapa, sitawatangulia. Ila nimewasikia wenyewe msikitini wakitukumbusha yule bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza. Manahodha wetu pia hufunga nanga, na hakuna aliyewahi kuwaambia wana imani ndogo.

Kwa manahodha wetu walioko humu nina ombi, maana naona wawili pale nyuma na mmoja wao ni jamaa yangu. Abiria akikuomba jaketi, usione amekutia ila. Yule mzee Mzungu naye alijiona ametiwa ila. Alipofika katikati, mawimbi yalipotunyanyua pale Ras Serani, nilimwona ameishika mikanda yake kwa mikono miwili.

Daftari la ahadi liko mlangoni kwa Mweka Hazina, na mabinti wawili wenye vitambaa vya kijani watapita mezani na namba ya kutumia fedha kwa simu. Andikeni jina na kiasi, na mkitaka, andikeni "mtoto" au "mkubwa" pembeni, ili tujue mmelipia ya nani. Mimi nimeandika mbili. Moja ni ya mtoto wa miezi saba, ingawa mpaka jaketi zifike atakuwa ameshaanza kutembea na itabidi tumchukulie ya saizi ya juu yake.

Wabillahi taufiq. Assalaam aleikum.